Nzuri, Mama, Nzuri Sana

Wadau, najua mmeshasikia. Jana asubuhi nimeamka (kifudifudi, mtaelewa punde) nikakuta meseji arobaini na moja, na ya kwanza inasema: "Pole sana kaka, tumesikia Wamasai wamekupiga chapa." Hakuna Mmasai aliyehusika. Uvumi huo ni kazi ya rafiki yangu, nimwite Mdomo, ambaye alikuwepo, akacheka mpaka akakalia gunia la mkaa, halafu badala ya kunishika mkono akashika simu. Kwa hiyo leo naeleza mwenyewe. Naandika nikiwa nimesimama.

Wa siku nyingi mnakijua kiwanda changu cha uani, Kimara. Rimu ya lori iliyokandikwa udongo ndani, feni ya kukaushia nywele (mke wangu anaamini iliibiwa, mama Neema, kama unasoma, tutaongea) na kipande cha reli ndiyo fuawe, yaani chuma cha kugongea juu yake. Reli nilinunua kwa muuza skrepa na risiti ninayo, msianze tena. Ugonjwa huu niliupata Mamba, kule jirani na Marangu, nilipowaona wahunzi wa Kichagga wakivuvia moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kutoa mkuki kwenye chuma chakavu. Nikajiona nimeitwa. Jumatatu hadi Ijumaa ni mhasibu, Jumamosi ni mhunzi. Mpaka sasa nimefua ndoano nne za taulo, kifungulio kimoja cha soda, na kitu kilichokusudiwa kuwa kijiko.

Sasa mama mkwe wangu anapenda maua. Nikamwahidi mkono wa chuma wa kutundikia chungu cha maua barazani kwake. Nilichukua nondo ya milimita 12, nikaifua pembe nne kwanza, maana nondo ukiisokota na mbavu zake inabaki kuonekana nondo iliyopata ajali. Nikaipasha katikati mpaka rangi ya chungwa, nikaisokota, ikakubali. Ncha nikaikunja duara mara mbili kama konokono. Wakuu, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Mdomo mwenyewe, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwasha na kuzima feni, alinyamaza dakika nzima.

Mwisho ni nta. Chuma kikishapoteza wekundu lakini bado kina moto, unakipaka nta ya nyuki. Inatoa moshi kidogo, inaingia, chuma kinabaki cheusi cha kung'aa na kutu inachelewa. Na hapo ndipo penye mtego. Kikishuka chini ya nyuzi 500 hivi, chuma hakikuonyeshi rangi yoyote. Kinatulia, cheusi, kipole, kama paka aliyelala. Chenye nyuzi 250 na chenye nyuzi 25 ni mapacha. Hilo nalijua. Nimewaandikia hapa hapa mara tatu, kwa herufi kubwa.

Nikakiweka juu ya kiti cha plastiki, "sekunde moja tu", nitafute simu niwapigie picha. Niwapigie ninyi. Lawama tutagawana.

"Hodi!"

Mama mkwe. Hakuwa amesema anakuja. Kanga mbili, mkoba, mfuko wa maembe.

"Karibu mama, shikamoo!"

"Marahaba baba. Mbona umesimama kama askari? Kaa, kaa, mimi si mgeni."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana Mdomo sehemu hii kairuka. Mama mkwe akikwambia kaa, unakaa. Hugeuki kukagua kiti. Kumgeuzia mkwe makalio, kwa kina mke wangu, ni jambo la kuitiwa kikao. Nikarudi kinyumenyume hatua mbili, uso kwake, tabasamu usoni, aproni ya ngozi kifuani mpaka magotini. Ile aproni ni nene, haipitishi cheche wala moto. Kwa mbele.

Nikakaa.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, mama." Nilihisi joto la kupendeza, kama kiti kilichoanikwa juani. Nikafikiri, hali ya hewa ya Dar.

"Za kazi?"

"Nzuri." Ikaja harufu ya plastiki. Nikajua ni jirani anachoma takataka tena, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia jioni.

"Watoto hawajambo?"

Hapo konokono alikuwa ameshavuka suruali. Makalio yalipata habari kwanza, kichwa kikafuata, lakini heshima ilikuwa bado haijafikiwa na taarifa. Nikafungua mdomo kujibu kama mtu aliyelelewa.

"Hawajam..."

Mama akanitazama, akisubiri kipande kilichobaki.

"...BO!"

Ile "bo" waliisikia kituo cha daladala. Na mama, kwa kuwa salamu haikatwi katikati, akaendelea kwa upole kabisa: "Na mke wako?"

"NZURI, MAMA! NZURI SANA!"

Nikasimama. Kiti nacho kikasimama. Nikazunguka, kikazunguka. Nikakivuta kwa mikono miwili, plastiki ikavutika kama mlenda, nyuzi za bluu toka kwangu hadi kwenye kiti, halafu ikasikika sauti ya kitambaa kikikata tamaa. Kiti kikaenda na chuma chake. Sehemu ya nyuma ya suruali ikaenda nacho. Katika kuzunguka kwangu, wakuu, nilikuwa nimempa mgongo nani?

Mama akajifunika kanga usoni, zote mbili.

Uani nina ndoo mbili: kushoto maji, kulia oili chafu ya gari ya kupozea chuma cha springi siku nitakapofua visu. Nikakimbilia ndoo. Mdomo anasema nilipiga kelele "nipisheni" na hapakuwa na mtu njiani. Nikakaa kwenye ile ya kulia.

Basi. Jirani alileta dawa ya meno, mwingine akaleta yai, mama mkwe akawafukuza wote na kunimwagia maji ya bomba, kaangalia pembeni, muda mrefu. Zahanati, nesi akasema maji ya bomba dakika 20 ndiyo yalikuwa sahihi, ila oili je? Nikamweleza. Akatoka nje kidogo, nikamsikia anaita wenzake. Nikapakwa dawa nyeupe, nikapewa siku tano za kulala kifudifudi, bili mke kalipa. Feni ya nywele kaiona.

Masahihisho kwa Mdomo: sikulia, nilipiga kelele tu, ni tofauti. Sikuwa uchi, aproni nilikuwa nayo. Na chapa si "mkia wa nge" kama ulivyoandika, ni konokono, mizunguko miwili, sawa kabisa. Nesi mwenyewe kasema ni safi.

Mama mkwe kapiga simu leo. Chuma kakiona kwenye kiti, kakipenda, ameomba kingine kama hicho cha upande wa pili wa baraza, ila kiletwe na Mdomo.

Na ninyi mnaoomba picha: ya chuma nitaweka kesho. Ile nyingine msiniulize.