Si Kila Sanamu ni ya Sebuleni

Ukiwa na sanamu za kuchonga nyumbani, mgeni hakosi kuuliza: "Hii ni ya asili?" Anataka kujua kama iliwahi kutumika kwenye ngoma au tambiko, au ilichongwa tu iuzwe. Kwa maoni yangu, swali hilo limeleta madhara kuliko tunavyokubali.

Ninacho kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, kirefu kama dhiraa. Watu wamebebana, mguu wa mmoja umegeuka bega la mwenzake, na chini kabisa mchongaji ameacha ukanda mwembamba wa mti wa nje, wenye rangi ya njano iliyopauka. Ukanda huo ndio unaokuonyesha kwamba weusi wa juu yake ni kiini cha mpingo chenyewe, si rangi ya viatu iliyopakwa kwenye mti laini. Na ni kizito: mpingo ukiutia majini unazama. Kinyago hiki kilichongwa kwa ajili ya soko tangu tezo lilipougusa mti. Hata mtindo wa shetani, wa maumbo ya mizimu, ambao mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake, ulikua mnunuzi akiwa tayari amesimama mlangoni. Sioni kinachopungua hapo. Fedha ya wakusanyaji imewalisha wachongaji na kuwapa sababu ya kuwafundisha vijana wao.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imo chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Halafu kuna vitu ambavyo ukivitundika ukutani umevikata ulimi. Lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde (yakiwa mengi ni mapiko), huvaliwa kichwani kama kofia, mara nyingi likiwa limebandikwa nywele za binadamu. Bila mchezaji, bila ngoma, bila watoto wanaokimbia kwa hofu, umebaki na nusu ya kitu.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni vigango. Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, humsimikia kigango mzee aliyekuwa wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, baada ya kufa kwake. Ni ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, nao hauhamishwi. Waswahili husema kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa kigango methali hiyo haisimami, maana waliokisimika ndio wanaokiogopa kwanza. Hata hivyo, vigango vingi viling'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na madalali, vikaishia Marekani katika nyumba za watu na makumbusho. Mwaka 2014 makumbusho ya mambo ya asili na sayansi ya Denver ilitangaza kuvirudisha 30.

Wapo wanaojitetea kwamba wamevinusuru na mchwa. Ni utetezi unaosikika vizuri mpaka ujue kwamba kigango kimekusudiwa kuozea pale pale kiliposimama. Wengine walinunua dukani kwa nia njema, na sitawaita wezi. Ila kilichomtuma mwizi usiku ule ni lile swali la mgeni wangu: kitu kikionekana kuukuu, chenye alama za matambiko, bei inapanda. Kinyago kipya cha mpingo hakina mfiwa anayekililia.

Kwa hiyo mimi hununua kwa mchongaji aliye hai, namuuliza jina lake na mahali alipojifunzia, kisha naandika chini ya kitako kwa penseli. Kigango sikigusi, hata muuzaji akiwa na karatasi zake zote. Kwa mapiko bado ninasita, kwa kuwa mengine huuzwa na wenyewe baada ya kuchezwa, na mali ni yao. Huwa namuuliza muuzaji ni nani aliyelicheza na wapi. Akibabaika, nalirudisha mezani.