Pole na kuuguza, halafu nini?

Mtu akilazwa nyumbani na kiharusi, wiki ya kwanza uani hapana pa kukanyaga. Jumuiya imekuja, kwaya imekuja, mchungaji amekuja akaomba na kuweka mikono. Kila anayeaga anamwambia binti wa mgonjwa, au mkewe, maneno yaleyale: pole na kuuguza. Mwezi wa nne wanaokuja ni wawili, na yule aliyeambiwa pole ameanza kumjibu mgonjwa kwa ukali, kumgeuza kwa pupa, kumnyima maji jioni ili usiku asilowanishe shuka. Kanisani wanasema huruma imempungua, afunge na kuomba.

Naamini tunakosea hapo. Kabla ya kupima moyo wake, tupige hesabu ya usingizi wake.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, akiwa kwenye godoro la kawaida, anahitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi ya makalio, nyonga na visigino hukandamizwa mpaka damu haipiti, na kidonda huanza. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Usiku peke yake ni saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Kila mara kuna kugeuza, kufuta, kubadilisha kitambaa, kunywesha. Dakika 20 zimekwenda. Anayebeba zamu hizo zote hapati saa mbili kamili za usingizi hata mara moja. Mfanye hivyo mama mpole kuliko wote usharikani kwa wiki sita, naye atafoka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga kazi na moyo wako au kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakifai kitu. Walikuwa wanazungumzia ajira, lakini yeyote aliyeuguza atajiona humo. Dalili ya pili ndiyo inayoila huruma, na huanzia mdomoni. "Baba" anakuwa "mgonjwa", kisha "mgonjwa" anakuwa "huyu". Ukisikia neno "huyu" ndani ya nyumba, usisubiri mkono ufuate. Hapo ndipo mzee wa kanisa anapotakiwa kuingilia kati, bila kumsomea mtu huyo Wagalatia 6:9 kwamba tusichoke kutenda mema.

Maana sura hiyohiyo ina mistari miwili tunayoipita haraka. Katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Furushi unalifunga na kujitwika bila msaada. Mzigo ni ule unaohitaji watu wawili hata kuuinua kutoka chini. Kumpenda baba yako mzazi ni furushi lako, hakuna atakayekubebea. Kumgeuza mara 12 kwa siku ni mzigo. Kanisa linalomwachia binti mmoja mzigo huo halafu likamsifu kwa uvumilivu halijatimiza mstari wa 2 hata kidogo.

Tazama pia jinsi Mungu alivyomshughulikia Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, amekaa chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha na kumlisha mara ya pili. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, huko Horebu, na mwisho wake Eliya akapewa Elisha. Chakula, usingizi, chakula, kisha mtu wa kusaidiana naye. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kumwagiza anayeuguza afunge siku tatu. Aliyekonda kwa kukosa usingizi apelekewe chakula cha moto, na sala yake iwe fupi ya pumzi moja, "Bwana, unirehemu", wakati anakamua kitambaa.

Kuna jambo wengi wanalificha. Mwezi wa tano au wa sita, anayeuguza hujikuta akitamani mgonjwa apumzike kabisa, kisha anajiona muuaji, hashiriki tena meza ya Bwana. Wachungaji walitaje jambo hili waziwazi, kwa upole. Kutamani mateso yaishe si sawa na kumtakia mtu mabaya, na Musa mwenyewe katika Hesabu 11 alimwambia Mungu bora amuue kuliko kuwabeba watu wale peke yake. Jibu alilopewa lilikuwa wazee 70 wa kuubeba mzigo pamoja naye. Lakini kama anayeuguza anatamani kufa yeye mwenyewe, au halali hata usiku anapopata nafasi, au ameshampiga mgonjwa, apelekwe hospitali na mtu wa kumsindikiza, na siku hiyohiyo mgonjwa apate mwangalizi mwingine. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika, na kwenda kutibiwa hakupunguzi imani.

Kando ya kitanda kuna mazoea mawili madogo yanayoilinda huruma hata mwili ukiwa umechoka. Moja, mwite kwa jina au kwa cheo chake cha nyumbani kabla ya kumgusa, na mwambie unachotaka kufanya: "Baba, nakugeuza upande wa dirishani." Mkono uliotanguliwa na salamu ni vigumu kuwa mkono wa kuburuta mzigo. La pili, mara moja kwa siku kaa naye dakika tano bila kufanya kazi yoyote, kwa sababu anayemwona mgonjwa wakati wa kusafisha tu mwishowe anaona uchafu tu. Na hasira ikipanda, hakikisha yuko salama kitandani, toka nje, unawe uso, urudi.

Sasa zamu za washarika kuja kumpumzisha anayeuguza. Nyingi hufa wiki ya tatu kwa sababu zilezile. Watu waliahidi kwa machozi kwenye ibada, wakaja kama wageni, wakapikiwa chai na yule waliyekuja kumpumzisha. Mratibu awe mmoja, na asiwe mwenye mgonjwa. Kila mtu apewe siku, saa na kazi: Jumanne, saa nane hadi saa kumi alasiri, kumgeuza na kumlisha uji. Watu wanane wanatosha kuanza. Wafanye wiki nne, kisha waulizwe upya kama wanaendelea, maana ahadi isiyo na mwisho humfanya mtu atoroke kimyakimya. Wanaume wasiachiwe michango peke yake; kumgeuza mtu mzima kunahitaji watu wawili na shuka la kumvutia, asiburutwe, na migongo ya wanawake wengi imeumia hapo.

Kabla ya zamu ya kwanza, muuguzi wa zahanati awaonyeshe mambo mawili: kugeuza, na kumkalisha wima kabla ya kumpa chochote kinywani. Baada ya kiharusi wengine hawamezi vizuri, na maji au uji humpalia na kuingia mapafuni. Daftari likae kichwani mwa kitanda: saa aliyogeuzwa, upande gani, amekunywa vikombe vingapi, mkojo una rangi gani. Ukiwa wa rangi ya chai, huenda hapati maji ya kutosha.

Msamaria wa Luka 10 hakuhamia kwenye nyumba ya wageni. Alifunga majeraha, akalala usiku mmoja, akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaendelea na safari akisema atarudi. Ndivyo anavyotakiwa kusema aliye kwenye zamu: "Leo siwezi, Alhamisi saa kumi nitakuja", na Alhamisi aje kweli.

Zamu ngumu kupata ni ya usiku, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Usiku mmoja kwa wiki, watu wawili, kuanzia saa tatu hadi saa kumi na mbili. Na usiku huo binti alale nyumba ya jirani, simu ibaki kwa mratibu. Akilala chumba cha pili atasikia kikohozi, na ataamka.