Ukimnyima polisi mgomo, mpe mwamuzi

Sitetei mgomo wa polisi. Askari wakisusa kazi usiku mmoja tu, wa kwanza kuumia ni yule asiye na ukuta wala mlinzi. Ila sheria nyingi zikishampokonya askari mgomo hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapopinga.

Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama akipendacho. Ibara ya 9 inawaweka kando wanajeshi na polisi: kila nchi iamue yenyewe haki hiyo iwafikie kwa kiasi gani.

Uingereza iliamua ikiwa na hofu. Polisi wa London waligoma Agosti 1918. Mwaka uliofuata wakagoma wengine, hasa Liverpool, wakafukuzwa na hawakurudishwa kazini. Sheria ya 1919 ikawakataza polisi vyama vya wafanyakazi, ikawaundia Police Federation, chombo cha kuwawakilisha. Baadaye walau ilikuwepo meza ya majadiliano, na baraza la kuamua wakishindwana. Vyote viwili viliondolewa 2014, ikaja bodi ya kupendekeza mishahara, na serikali hailazimiki kuyafuata mapendekezo yake. Federation ilijitoa kwenye utaratibu huo 2021. Siilaumu.

Kesi inayonigusa zaidi ni ya Kanada. Polisi wa shirikisho, RCMP, walikuwa na wawakilishi, lakini ndani ya mfumo uliowekwa na wakubwa wao, ambao ndio waliokuwa na neno la mwisho. Nani atamlalamikia bosi kupitia mlango wa bosi? Januari 2015 Mahakama ya Juu ilisema mpango ule ulivunja uhuru wa kujumuika, kwa sababu askari hawakuuchagua na haukuwa huru mbele ya uongozi. Sheria ya 2017 haikuwapa mgomo. Iliwapa majadiliano ya pamoja na, yakikwama, mwamuzi ambaye uamuzi wake unazifunga pande zote mbili.

Hiyo ndiyo bei ya haki ya kumkataza mtu kugoma, na ningependa kila bunge liilipe. Nina sharti moja tu: mshahara, zamu na vifaa viletwe mezani, lakini uchunguzi wa askari aliyempiga raia usijadiliwe hapo kabisa.