Kadari na Boti Iliyojaa

Msimu wa kusi, kwenye gati ya Mokowe, kijana alikuwa akipakia boti ya kwenda Amu, yaani Lamu, mpaka maji yakabaki vidole vinne kufika ukingoni. Maboya yalikuwa tezini, yamekazwa kwa kamba. Mama mmoja aliuliza mbona watu hawapewi. Akajibiwa, "Mama, ajali haina kinga." Boti nzima ikanyamaza, kwani nani abishane na kadari?

Mimi nabisha. Siikatai kadari, nakataa pale alipoiweka yule kijana.

Wanaoshikilia kwamba liandikwalo ndilo liwalo wana hoja nzito. Qur'ani (81:29) inasema hatutaki ila atake Mwenyezi Mungu. Hata nje ya dini yetu, mwanafalsafa Spinoza aliandika mwaka 1674 kwamba jiwe lililorushwa, lau lingekuwa na fahamu, lingedhani linakwenda kwa hiari yake. Kijana wetu naye anasukumwa na njaa na hesabu ya jioni kwa mwenye boti. Tena nimekaa matangani nikaona neno hilo moja, kadari, likimshusha pumzi mzazi aliyefiwa, pale maneno mengine yote yalipogonga mwamba. Sitaki aliyefiwa anyang'anywe neno hilo.

Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa zamani, walipinga hoja hiyo: mja asipokuwa mwenye kitendo chake, kumwadhibu ni dhuluma. Al-Ash'ari, aliyewahi kuwa mwenzao, akashika njia ya kati: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma, yaani hukipata kiwe chake. Ndiyo itikadi ya wanazuoni wengi wa Kishafi, wa Amu wakiwamo. Nakiri inanitatiza, nitachumaje nisichokiumba? Lakini walau inamwachia mtu dhima yake.

Kinachonikata kiu ni kisa cha Khalifa Umar. Akielekea Sham, nchi ya Shamu, alipata habari ya tauni, akaamua kurudi. Swahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu kuwa naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa bonde lenye pande mbili, moja la malisho, la pili kavu: popote utakapolisha ngamia wako, umelisha kwa kadari.

Basi kufungua ile kamba ya maboya nako kungekuwa kadari. Kijana aliitaja kadari kabla ya safari, imbebee kazi yake mwenyewe.

Yule mama alimshika mwanawe mkono, akateremka, akakaa gatini kungoja boti nyingine.