Fomu ya Kuridhika na Kazi Imegoma

Leo saa nne na nusu, ndio kwanza nimekunja chapati nataka kuichovya kwenye chai, simu ya HR inaita. Eti fomu imegoma. Fomu gani? Ile ya kupima wafanyakazi tunaridhika na kazi kiasi gani, chagua 1 mpaka 5. Yaani fomu ya kuniuliza kama nina furaha ndiyo hiyo hiyo imenitoa kwenye chapati.

Na hiyo fomu nimeitengeneza mimi, wiki jana, maswali 22. Niliambiwa iwe ya siri kabisa watu wajimwage, nikaiweka ya siri. Jioni nikaitwa pembeni: "Kaka, iwe ya siri, ila sisi tuweze kuona nani kajaza nini." Nikauliza hiyo siri sasa inafichwa kwa nani, nikaambiwa sina ushirikiano. Halafu swali la kwanza kabisa linauliza idara. Nijaze TEHAMA. TEHAMA nzima tupo mmoja.

Juu ya fomu wameweka maneno ya bwana mmoja wa Marekani, Herzberg, kwamba mshahara hauleti furaha kazini, unapunguza manung'uniko tu, furaha inatokana na kazi yenyewe na kutambuliwa. Nikaenda kumsoma. Kumbe ni ya mwaka 1959, na aliowahoji ni mainjinia na wahasibu kama 200 hivi wa kule Pittsburgh. Wahasibu! Na mzee kama kupunguza manung'uniko kupo, naomba tuanzie hapo hapo, hiyo furaha tutaitafuta mbele ya safari.

Sasa fomu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni intaneti ya ghorofa ya nne, kwa wahasibu, ambayo tangu Jumatatu ikikaribia saa tano inakata roho na jioni inafufuka. Lifti mbovu. Nikapanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, pole na ngazi. Intaneti yenu imekufa tena."

Yenu! Ikiwa nzima ni ya ofisi, ikifa ina ukoo na mimi. Nikaangalia juu ya kabati la mafaili ilipokuwa ruta, siioni. Nikauliza mama kile kidude chenye taa kiko wapi.

"Si hicho hapo, nimekutunzia."

Jamani. Kitambaa cha kufuma, kile cha rangi ya maziwa kilichokuwa kinafunika redio kwa bibi, chenye maua pembeni, kimezungushiwa ruta juu na chini kama kichanga kinatoka wodini, antena zimechomoza kama masikio ya sungura, na juu yake kopo la maua ya plastiki. Dirisha liko hapo hapo na jua la Dar la saa tano linapiga moja kwa moja. Nikagusa, nikarudisha mkono haraka.

"Mama, hii inatakiwa ipumue."

"Inapumua baba, kitambaa si kina matundu."

Sasa hapo unajibu nini? Ni kweli kina matundu. Nina diploma, nina na cheti cha mitandao kilichonila hela ya kiwanja Chanika, hakuna mwalimu aliyenifundisha kumjibu mama mtu mzima mwenye kitambaa chenye matundu. Nikakifunua taratibu, kwa heshima zote. Akakikunja mara nne, kimya, uso kama wa msibani. "Mimi nilikuwa nakusaidia," akasema, "vumbi hili." Nikajikuta naomba msamaha. Mimi! Kisha akanipa simu yake, imejaa haipokei tena picha. Nikafungua, nakuta maelfu ya vikombe vya chai na maua ya waridi vimeandikwa Jumatatu Njema.

"Nifute hizi?"

"Usifute hata moja. We ipunguze tu."

Na huyo ndiye mwenye roho nzuri. Mapokezi paswadi imebandikwa kwenye skrini, wageni wanaisoma kama tangazo. Bosi naye, ile Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini huko upande wa Afrika Kusini, Jumatatu asubuhi kaniita ananiuliza nimechukua hatua gani. Nikamwambia iko chini ya bahari. "Ndio, lakini umefuatilia?"

Ushindi wangu kazini ni mmoja, ile Ijumaa ya Julai mwaka huo huo sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya kulinda kompyuta, lilipozigandisha kompyuta kama milioni 8.5 duniani kwenye skrini ya bluu. Zetu wala hazikuguswa. Nilitembea koridoni kifua mbele, sikumwambia mtu kwamba ni kwa sababu hiyo programu tulinyimwa bajeti.

Ila kuna kitu kinaniuma kweli. Mwezi wa pili nilihamisha seva, ile kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi, Jumamosi usiku mpaka Jumapili alfajiri, peke yangu na feni, mke wangu akafunga mlango kwa ndani maana hakuamini kuna seva inayohamishwa saa tisa usiku. Jumatatu mafaili yakafunguka kama kawaida. Hakuna aliyesema hata ahsante, wangeshukuru nini na hawajui kama kuna kitu kimehama? Siku hiyo hiyo kijana wa mauzo kagawa kalenda, akapigiwa makofi. Kalenda, tena mwezi wa pili! Januari nzima imeshapita!

Swali la 14: unajisikia kuthaminiwa? Nimeweka 3. Nikiweka 1 wanajua ni mimi, nikiweka 5 watanikumbusha siku nikiomba nyongeza.

Wakati nashuka mama kanifungia andazi kwenye karatasi ya risiti, nimelila kwenye ngazi. Haya maandazi ya siku hizi nayo, ukiling'ata unakutana na hewa, hiliki hakuna, sukari ya kubahatisha, na bei haishuki, yule muuzaji wa pale chini ukimuuliza anakwambia ndivyo yanavyotakiwa yawe, mepesi.