Kuikata flashi vipande vingi si kuilinda

Anayetengeneza mita za maji au vipima unyevu wa udongo kwa mashamba ya kahawa ya Kibosho na bustani za Tengeru huikata flashi mapema, yaani chipu ya kumbukumbu inayotunza data hata bila umeme: mipangilio huku, logi (kumbukumbu za matukio) kule, hesabu ya lita kwenye kipande chake. Umeme ukikatika, uharibifu unabaki kwenye kipande kimoja na kifaa kinawaka tena. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwenye chipu kama W25Q128, kufuta sekta (eneo dogo linalofutwa kwa pamoja) ya KB 4 huchukua kama milisekunde 45 na kunaweza kufika 400, muda unaotosha umeme kuondoka katikati ya kazi. Programu ya kuwashia na nakala mbili za fimwea (programu inayoendesha kifaa), moja ikitumika na nyingine ikisubiri sasisho, lazima ziwe na mipaka yake. Hilo halina ubishi.

Balaa huanza mipaka inapochorwa kati ya data zinazobadilika. Kila sekta huchoka baada ya kufutwa mara nyingi, na kusawazisha uchakavu, yaani kugawa maandishi kwa zamu kati ya sekta, ni kama zamu ya kuzibua mfongo, mfereji wa kumwagilia: kaya zikiwa nyingi, kila moja inapumzika zaidi, na kaya za ng'ambo ya mpaka hazisaidii kitu.

Chukua ESP32, chipu ya kuendeshea vifaa vidogo, na NVS yake (hifadhi ya data ndogo ndani ya flashi) ya kawaida ya KB 24, yaani sekta 6. Kila sekta ina nafasi 126 za baiti 32. Mita ikiandika namba moja kila sekunde, sekta inajaa kwa sekunde 126, na zamu inairudia baada ya sekunde 756. Kwa uhai wa mifuto (mara za kufutwa) 100,000, hiyo ni miaka 2.4, tena zamu zikienda sawasawa kabisa. Andika neno la baiti 100 badala ya namba: linakula nafasi 5, sekta inabeba maneno 25 tu, na uhai unashuka hadi siku 174. Kifaa kilichofungwa mwanzoni mwa Januari kinachoka kabla ya Julai, na fundi analaumu chipu feki! Namba ileile ikipewa sekta 256, yaani MB 1, zamu inarudi baada ya karibu saa 9, na hesabu inapita miaka 100.

NVS kubwa hivyo, hata hivyo, huchelewesha kuwaka na kula RAM (kumbukumbu ya muda), kwa hiyo wengi huhamia littlefs, mfumo wa faili wa vifaa vidogo. Hapa wapenda vipande wana haki yao: littlefs haihamishi data tulivu. Ukijaza KB 900 za kurasa na picha zisizobadilika ndani ya ile MB 1, zamu inabaki kwa sekta thelathini na kitu. Vitu tulivu vikae nje.

Kwenye NAND, aina ya flashi yenye ujazo mkubwa, inayotumiwa na Linux, hata sababu hiyo inapungua. UBI, tabaka la Linux linalosimamia flashi hiyo, huhamisha data tulivu lenyewe, tofauti ya mifuto ikifika 4,096 kwa mpangilio wa kawaida, na volyumu zake (sehemu zilizogawanywa ndani ya UBI moja) zinatenganisha data bila kutenganisha uchakavu. Mwenye kutengeneza UBI nne kwenye chipu moja anapoteza zaidi ya zamu: akiba ya bloku mbovu, 20 kwa kila 1,024, hukokotolewa kwa ukubwa wa chipu nzima, kwa kila UBI. Chipu ya bloku 1,024 za KB 128 inatenga akiba ya MB 10 badala ya MB 2.5. Kwa eMMC (flashi yenye kidhibiti chake ndani) na kadi za SD, patisheni, yaani vipande, kwa kawaida hazigusi uchakavu, kwani kidhibiti cha ndani hupanga zamu chenyewe.

Kabla ya kuongeza mpaka, zidisha idadi ya sekta kwa mifuto na kwa maandishi yanayoingia kwenye sekta moja, kisha gawanya kwa maandishi ya siku. Jibu likiwa dogo, kusanya lita kwenye RAM na uandike kila dakika: uhai unaongezeka mara 60. Umeme ukikatika unapoteza lita za dakika moja, na kwa mita ya kutoza ankara hiyo ni fedha ya mtu, hivyo weka kapasita ya kushikilia kifaa hadi andiko la mwisho likamilike, pamoja na milisekunde 400 za kufuta endapo sekta imejaa.