"Yeye aliiita jina gani?" "Sikumuuliza."

Jumamosi iliyopita niliingia duka moja la vitu vya kale hapa Bukavu, upande wa Ibanda, nikatoka moyo unaniuma. Juu ya kitambaa cheusi palikuwa na bangili nene ya fedha, katikati imefungiwa sarafu, na kikaratasi kimeandikwa: "Pambo la kale la Kongo, mwaka 1780." Muuzaji akanionyesha mwaka kwa ukucha. Kweli upo, kando ya tai mwenye vichwa viwili.

Sarafu ile ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikufa 1780, na tangu hapo sarafu yake imepigwa tena na tena kwa mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi na Bahari ya Sham hawakutaka nyingine. Imepigwa Vienna, imepigwa Roma kuanzia 1935, London, Paris, Brussels, hata Bombay. Gramu 28, fedha sehemu 833 katika 1,000. Wajuzi huhesabu lulu za bruchi, ile pini ya pambo, begani mwa malkia na manyoya ya mkia wa tai ndipo wajue imetoka kiwanda gani. Bangili yenyewe inaweza kuwa ya 1950.

Na "ya Kongo" je? Sisi tulijipamba kwa shaba. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yamejaa mapambo yake, na Katanga nzima iliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Fedha ililetwa na misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mpaka Nyangwe na Kasongo, huko Maniema.

Lakini hayo mtu anaweza kusahihishwa. Kilichoniumiza ni jibu lake nilipouliza bangili ilitoka kwa nani.

"Kwa mama mmoja wa Maniema, alikuwa na haraka."

Yeye aliiita jina gani?

"Sikumuuliza."

Jamani! Bangili za Algeria na Tunisia za wakati wa Wafaransa, nyingi zina chapa ya serikali. Msalaba wa Agadez, pambo la fedha la Watuareg wa Niger, unatambulika kwa umbo lake tu. Mapambo ya fedha ya kwetu kwa kawaida hayakugongwa muhuri kama huo. Na kuipima hakusaidii sana, maana sarafu iliyeyushwa ikawa kikuku, kikuku kikawa pete. Kilichobaki ni jina mdomoni mwa mwenye kuvaa.

Koko wangu, yaani bibi yangu, mzaliwa wa Kasongo, alikuwa na vikuku viwili vizito vya miguuni akiviita furungu. Nilikua nikidhani ni neno lake la nyumbani, kama yale ya kubembelezea watoto. Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia mama wa Zanzibar akilitamka vilevile, akionyesha kifundo cha mguu wake. Koko hakuwahi kuiona bahari! Neno lilipita Tabora na Ujiji pamoja na fedha yake, likavuka ziwa, likarithiwa na wanawake wanne wa ukoo wetu bila kupoteza silabi. Na aliyevifua, koko alimwita sonara, neno lililotoka Uhindini, kama walivyotoka huko masonara wengi wa pwani. Maneno mawili ya bibi asiyejua kusoma yalinipa njia nzima, kutoka Kasongo mpaka ng'ambo ya bahari. Hakuna maabara itakayonipa hiyo.

Najua minervali, ada ya shule, haingoji. Sisi wenyewe tuliuza furungu moja wakati wa vita, tukanunua unga, kwa hiyo simlaumu yule mama hata kidogo. Ila kikaratasi kile kilikuwa na nafasi ya kutosha: jina la pambo, mji lilikotoka, nani alimwachia nani. Maneno kumi. Na tafadhali, wauzaji, acheni kuzisugua bangili kwa mchanga, mnafuta alama za patasi ya fundi.

Jumatatu nilirudi dukani kumwomba muuzaji anisaidie kumpata yule mama wa Maniema. Hana namba yake. Anachokumbuka ni kwamba alikuja na binti aliyevaa sare ya shule, na kwamba aliishika bangili muda mrefu kabla ya kuitoa. Kama wewe ndiye yule binti, au unamjua, niandikie hapa chini. Sitaki kununua kitu. Muulize mama yako alikuwa anaiitaje, na nani alimvisha mara ya kwanza.